Masta ya Uhandisi Mitambo: Niende Sasa, Nisubiri, na Nikienda Nisome Nini?

Wasomaji wangu, mwezi huu kapu la barua limejaa jambo moja tu, masta ya uhandisi mitambo, kuna wanaotaka kuanza, kuna walioanza wamekwama katikati, kuna na wale ambao bado hawajajua kama wanaitaka kweli au wanaitamani kwa sababu rafiki kaipata. Zote nimezisoma. Nimechagua saba ambazo naamini hata ambaye hakuandika atajikuta humo. Baadhi nimezifupisha ila swali lenyewe sijaligusa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina digrii ya mitambo, nipo kiwandani upande wa matengenezo na huu ni mwaka wa tatu. Wenzangu niliosoma nao karibu wote wameshaenda masta, mi naona kama naachwa. Sasa sijui niache kazi niende au nisubiri kwanza, na je huko mbele inalipa kweli?
Fundi wa Zamu ya Usiku

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla sijakujibu ngoja na mimi nikuulize, hivi hapo kazini kuna kitu kinachokunyima usingizi? Sisemi bosi wala mshahara, nasema kitu cha ufundi, mashine fulani inaharibika, mnatengeneza, inaharibika tena na hakuna anayejua kwa nini. Nauliza hivyo kwa sababu mimi kilichonipeleka masta ilikuwa shafti ya pampu. Nilikuwa matengenezo kama wewe, pampu yetu inazunguka mizunguko 1,450 kwa dakika, shafti inakatika tunaweka mpya, zinapita wiki chache inakatika tena palepale kwenye ule mfereji wa kukalia kii, kile kipande cha chuma kinachoishikisha shafti na kinachozungushwa nayo. Tukaagiza chuma kigumu zaidi, hiyo ndo ikakatika mapema kuliko ya kwanza. Nakumbuka nimeshika kile kipande mkononi bado kina grisi, uso wake pale kilipokatika nusu ni laini kabisa unang'aa, una vimistari vilivyopinda kama vya kwenye ganda la kombe na vyote vinaanzia kwenye kona ya ule mfereji, afu nusu nyingine imekwaruzika kama jiwe lililopasuliwa. Nikakitazama weee, mwisho nikaandika kwenye ripoti "shafti mbovu" nikasaini nikaendelea na kazi.

Miaka miwili baadaye nipo darasani, somo la uchovu wa chuma, mwalimu anaweka picha ukutani, ni shafti yangu ileile! Vile vimistari kumbe ni nyayo za ufa, ulikuwa unatembea kidogo kidogo siku hadi siku, na ile sehemu iliyokwaruzika ndo pale chuma kilichobaki kilipozidiwa kikakatika kwa mara moja. Tatizo halikuwa shafti, tatizo mota na pampu havikukaa kwenye mstari mmoja kwa hiyo shafti ilikuwa inazunguka huku imepindishwa, kila mzunguko inavutwa na kukandamizwa, na mizunguko 1,450 kwa dakika ukiipiga kwa siku nzima unapata 2,088,000. Milioni mbili kwa siku moja! August Wöhler kule Ujerumani alishahangaika na jambo hilihili kwenye ekseli za mabehewa ya treni miaka ya 1850 na 1860, akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule wa kukivunja kwa mara moja, ilimradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Na chuma kigumu zaidi mara nyingi ndo kinachoumizwa zaidi na kona kali, kwa hiyo tulipobadilisha tulijiongezea tatizo kwa mikono yetu wenyewe.

Basi nachokwambia ni hiki, kama una shafti yako, yaani una swali linalokukera ambalo digrii ya kwanza imeshindwa kulijibu, nenda, utasoma kwa njaa na utajua uchague somo gani na msimamizi gani. Kama sababu ni wenzako tu, subiri, endelea na kazi ila fungua daftari uanze kuandika kila hitilafu usiyoielewa, mwaka hauishi swali litakuwa limeshakupata. Hujaachwa na mtu. Tena hiyo miaka yako mitatu ni mtaji, skolashipu kama Chevening ya Uingereza inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2 hivi, na zile za DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, kwa kozi za maendeleo nazo ni vilevile, ila DAAD hao kwa kawaida hawataki digrii yako ya kwanza iwe imezidi miaka 6, kwa hiyo kusubiri nako kuna mwisho.

Kuhusu kulipa nitakuwa mkweli. Ukitaka usanifu wa mashine, utafiti, simulesheni (kuijaribu mashine kwa hesabu za kompyuta kabla ya kuitengeneza) au kufundisha, masta inafungua milango ambayo bila hiyo utagonga sana. Ukitaka kubaki matengenezo ukapanda hadi kuwa meneja, waajiri wengi wanaangalia zaidi miaka yako na mitambo uliyoishika. Na kitu kingine watu wanakisahau, kusajiliwa kama mhandisi mara nyingi kunategemea digrii ya kwanza, hata ule mkataba wa Washington wa mwaka 1989 ambao nchi kadhaa zinatambuliana kupitia huo unahusu digrii ya kwanza, kwa hiyo kama yako haijathibitishwa usidhani masta itaifunika, ulizia bodi yako mapema.

SWALI: Habari za leo kaka mhandisi. Nimepata nafasi ya masta ila naambiwa nichague, ya kozi tupu au ya kozi na tasnifu. Marafiki wanasema tasnifu ni kujitesa. Wewe unashaurije?
Njia Panda

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kwanza ujue kwamba jina ni moja ila vitu ni tofauti kutegemea unaenda wapi. Uingereza masta nyingi za kufundishwa ni mwaka 1, krediti 180, na humo karibu 60 ni projekti ya mwisho. Ulaya bara nyingi ni miaka 2, krediti 120 za ECTS, yaani mfumo wa krediti wa Ulaya, muhula wa mwisho wote mara nyingi ni tasnifu. Marekani ni kama krediti 30 hivi na huko ndo unakutana sana na hilo chaguo lako.

Mi nasimama upande wa tasnifu, na sio kwa sababu ya cheti. Kwenye kozi swali limeshapikwa, namba zote unazohitaji zimo, hakuna iliyozidi hakuna iliyopungua, na jibu lipo nyuma ya kitabu. Kwenye tasnifu hakuna mtu anayejua jibu, hata msimamizi hajui, unafika maabara asubuhi sensa inasoma nyuzi 400 kwenye maji baridi na hakuna wa kukwambia ni waya, ni programu au ni wewe. Hapo ndo unajifunza kuwa mhandisi wa daraja lingine. Na ukija kutaka PhD, tasnifu ndo kitu cha kwanza watakachokuuliza.

Lakini kuna mtu ambaye kozi tupu inamfaa kabisa na sitaki ajione mnyonge, ni yule ambaye yupo kazini tayari, anasoma jioni, anataka masomo manne matano ya kumkomaza kwenye eneo lake, labda majokofu na viyoyozi, labda mitetemo. Huyo tasnifu itamla miaka bure. Jiangalie wewe ni yupi. Ukiamua tasnifu basi kabla ya kukubali kutana na msimamizi, muulize wanafunzi wake watano wa mwisho walimaliza baada ya muda gani, afu uwatafute wawili uongee nao yeye akiwa hayupo. Hilo nakuomba usiliruke.

SWALI: Mwalimu, GPA yangu ni ndogo, mwaka wa pili niliugua nikafeli themodinamiki na moja ya hesabu, nikarudia nikapita kwa alama za chini. Nina matumaini gani?
Aliyejikwaa

JIBU: Pole sana, na hongera kwa kurudi ukamaliza. Matumaini yapo. Wanaochagua hawasomi namba ya mwisho peke yake, wanashuka kwenye masomo, wakikuta mwaka wa pili umeanguka ila wa tatu na wa nne umepanda wanaelewa, ilimradi uwaelezee kwa sentensi mbili tu kwamba uliugua, usijaze ukurasa mzima wa huruma. Vyuo vingi vya Ujerumani vinafanya na kitu kingine, vinahesabu una krediti ngapi za hesabu, ngapi za mekanika, ngapi za themodinamiki, kwa hiyo andaa maelezo ya kila somo ulilosoma, sio majina tu. GRE, ule mtihani wa kuombea masta hasa Marekani, idara nyingi zimeufuta au zimeuacha uwe hiari tangu 2020, ila pale unapokubalika na wewe hesabu umezinoa, ufanye, maana alama nzuri ya hesabu leo inaijibu ile alama mbaya ya zamani. Na themodinamiki yenyewe irudie nyumbani mpaka uiweze kweli, usiirudie kwa ajili ya wao, utakutana nayo tena mlangoni.

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza digrii miaka 6 iliyopita na hesabu zote zimenitoka, nikifungua vitabu vya masta naona alama tu kama maandishi ya nchi nyingine. Nianzie wapi? Nina miezi minne kabla ya masomo.
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu nami nilikuwa hapo hapo. Miezi minne inatosha, tena inatosha vizuri, ila usianze na kitabu kile kinene ukurasa wa kwanza, utachoka ukurasa wa 40. Anza na kitu kinachotikisika.

Chukua uzito wa kilo 2, uning'inize kwenye springi ya nyutoni 800 kwa mita. Gawanya 800 kwa 2 unapata 400, kipeuo chake 20, basi huo uzito ukiuvuta ukauachia utapanda na kushuka kwa redieni 20 kwa sekunde, yaani kama mara 3.2 kila sekunde. Hilo unalikumbuka, si ndio? Sasa chini yake ning'iniza springi nyingine kama hiyo na uzito mwingine wa kilo 2. Vitu viwili vinavutana, ikwesheni zinakuwa mbili na zimeshikana, huwezi kuitatua moja ukaiacha nyingine. Hapo ndo matriksi, yaani jedwali la namba, inapoingia, na zile aijenvalyu zilizokuwa zinakutisha mwaka wa pili kumbe zilikuwa zinakwambia kitu chepesi sana, kwamba mfumo huu una miendo miwili ya asili, mmoja wa redieni 12.4 ambapo uzito wote miwili unapanda pamoja na kushuka pamoja, na mwingine wa 32.4 ambapo mmoja ukipanda mwenzake anashuka. Aijenvekta ndo inayokwambia nani anaenda upande gani. Kaa na hilo swali moja wiki nzima, lifanye kwa mkono, lichore, afu liandike kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, uone kompyuta inakupa 12.4 na 32.4 ileile. Siku utakapoiona ile namba uliyoipata kwa kalamu inatokea kwenye skrini utajua mwenyewe kwamba umerudi.

Baada ya hapo mwezi wa pili weka ikwesheni difarensho, wa tatu kalkulasi ya vekta kwa ajili ya joto na mtiririko wa maji na hewa, wa nne ndo usome tensa kidogo, kidogo tu, zilizobaki utafundishwa. Saa moja kila siku watoto wakilala inazidi saa saba za Jumamosi. Na ukifika kwenye ikwesheni za Navier-Stokes, zile za mwendo wa maji na hewa, ukaona hazieleweki usijilaumu hata chembe, taasisi ya Clay iliweka zawadi ya dola milioni 1 mwaka 2000 kwa atakayethibitisha kama majibu yake kwenye pande tatu yanabaki laini siku zote au yanaweza kupasuka, na mpaka leo hiyo zawadi haijapata mwenyewe. Wahandisi wanazitumia kila siku kusanifu ndege na pampu huku swali hilo bado liko wazi.

SWALI: Kaka mi nataka masta ya simulesheni. Nimejifunza softiwea tatu mwenyewe, natoa picha kali sana za rangi. Nitafute chuo chenye softiwea gani?
Mtu wa Skrini

JIBU: Usitafute chuo kwa softiwea mdogo wangu, tafuta mwalimu atakayekukatalia picha zako. Nisikilize vizuri hapa maana hili ndo naliona likiwaumiza vijana wengi wazuri.

Nilipokuwa masta nilipewa mabano ya chuma yenye umbo la L, nitafute mkazo mkubwa upo wapi na ni kiasi gani. Nikaweka meshi, yaani nikaligawa umbo vipande vidogo ambavyo kompyuta inavihesabu kimoja kimoja, nikaendesha, nikapata megapaskali 140 pale kwenye kona ya ndani, picha nyekundu nzuri, nikampelekea msimamizi. Akaniangalia akasema kaza meshi, vipande viwe vidogo zaidi, urudie. Nikakaza, ikaja 190. Akasema kaza tena. Ikaja 260. Nikaanza kutoka jasho, nikamuuliza sasa ipi ndo sahihi? Akasema hakuna, na hata ukikaza mpaka kompyuta izime hutaipata. Kumbe kona ya ndani iliyokatwa kali kabisa, kwa hesabu zinazochukulia kwamba chuma kinanyumbuka sawasawa na mzigo bila kikomo, mkazo wake hauna kikomo, kila ukikaza meshi unapanda tu. Namba yangu ya kwanza ilikuwa inaelezea ukubwa wa meshi yangu, chuma chenyewe haikukigusa. Nikarudi nikachora kona kama ilivyo kwenye mabano halisi, ina mviringo wa milimita 3, nikakaza mara tatu, namba ikatulia. Hiyo ndo niliyoiandika.

Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nafikiria kama ningekuwa kazini ile 140 ingeshaenda kiwandani na sahihi yangu chini yake.

Kwa hiyo fanya hivi kuanzia leo. Kila simulesheni, kabla hujabonyeza chochote, kadiria jibu kwa kalamu. Boriti ya chuma ya mita 1 imeshikwa upande mmoja, kina chake milimita 40, upana 20, upande wa pili ina mzigo wa nyutoni 500, itapinda kiasi gani? Ile fomula ya mwaka wa pili inakupa milimita 7.8. Softiwea ikikwambia 7.8 au jirani na hapo endelea, ikikwambia 0.0078 au 7,800 basi umechanganya mita na milimita, na hilo linatokea kwa watu wazima wenye vyeti vyao. Ukitumia milimita na nyutoni basi densiti ya chuma unaiweka kwa tani kwa milimita za ujazo, yaani 7.85 mara kumi kwa kipeo cha hasi 9, wengi wanaweka 7,850 afu wanashangaa mitetemo yao haifanani na chochote duniani.

Ukiwa na tabia hiyo softiwea yoyote utaiweza ndani ya mwezi. Ukimwandikia mwalimu mwambie "nimekaza meshi mara tatu na namba imetulia", atakusoma mpaka mwisho. Na chagua chuo chenye maabara ya vipimo jirani na chumba cha kompyuta, ili ukimaliza kuhesabu ukapime.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mimi ni binti, nimemaliza mitambo nikiwa wa tatu darasani. Nyumbani wanasema masta nisome menejimenti maana mitambo ni ya wanaume na nitazeekea gereji. Sijui niwajibu nini bila kuwakosea adabu.
Binti wa Gia

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa hiyo nafasi ya tatu. Ngoja nikupe mtu wa kuwasimulia. Anaitwa Beatrice Shilling, Mwingereza, alizaliwa 1909. Alimaliza digrii ya umeme chuo kikuu cha Manchester mwaka 1932 akabaki hapo mwaka mmoja zaidi akachukua masta, ya nini? Ya uhandisi mitambo. Akaenda kufanya kazi Farnborough kwenye kituo cha utafiti wa ndege. Vita ya pili inakuja, ndege za kivita za Uingereza zenye injini ya Merlin zina ugonjwa mbaya, rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla injini inakata, kwa sababu mafuta ndani ya kabureta yanarushwa juu, kwanza injini inakosa mafuta afu sekunde chache baadaye inafurika. Adui yake injini zake zilikuwa zinapuliziwa mafuta moja kwa moja hazina shida hiyo, kwa hiyo akifukuzwa anainamisha pua anaondoka zake. Watu walikuwa wanakufa kwa ajili ya hilo. Shilling akapima, akahesabu, akatengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu, ukubwa wake unatoshea kwenye kiganja ukifumba hakionekani, kinaruhusu mafuta ya kutosha injini ikiwa kwenye nguvu yake yote na hakiruhusu zaidi ya hapo. Na uzuri wake unafungwa bila kuing'oa injini kwenye ndege. Mwaka 1941 yeye na timu yake wakawa wanazunguka kwenye viwanja vya ndege wanavifunga. Tatizo halikuisha lote mpaka zilipokuja kabureta mpya, ila injini ilikuwa haikati tena.

Wasimulie wazazi hivyo, kwa upole, wakiwa wamekaa. Afu waambie menejimenti haikimbii, mhandisi anaweza kuja kuisoma akiwa na miaka 35, lakini aliyeanza na menejimenti kurudi kwenye themodinamiki akiwa na miaka 35 ni mlima. Na hata hiyo gereji mi naomba usiidharau mbele yao, anayejua kufungua injini kwa mkono wake darasani ana kitu ambacho wenzake hawana. Ukienda kuomba angalia na zile masta za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, zinakusomesha kwenye nchi zisizopungua 2 na zina ufadhili wake, wazazi wengine wakiona barua ya ufadhili mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

SWALI: Kaka, nimewaandikia maprofesa 60 kuomba nafasi ya masta ya utafiti na ufadhili. Wawili tu wamejibu, wote hapana. Barua yangu nimeiambatanisha pamoja na ripoti ya projekti yangu. Nakosea wapi?
Sitini Bila Jibu

JIBU: Nimeisoma ndugu yangu. Inaanza "Mheshimiwa Profesa, nimevutiwa sana na tafiti zako muhimu", inaendelea "mimi ni mchapakazi, najituma na naweza kufanya kazi chini ya shinikizo", inamalizia kwa kuomba ufadhili kamili. Hakuna sehemu hata moja ambapo profesa huyo angejua umemwandikia yeye na sio wale 59 wengine. Hakuna uongo ndani yake, ila wewe mwenyewe humo haupo.

Afu nikafungua ripoti yako. Ulijenga kikaushio cha jua, ukaweka sensa nne ndani, ukapima joto siku 12. Hesabu yako ilitabiri nyuzi 62 saa saba mchana, wewe ukapima 53. Ukaandika kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, kwa sentensi moja, kwamba tofauti "inatokana na makosa ya kawaida". Ndugu yangu, hiyo ndo barua yako! Nyuzi 9 zimeenda wapi? Nimeangalia hesabu zako, umehesabu joto linalopotea kwa upepo kwenye kioo cha juu, lakini kioo chenyewe kinavyonururisha joto kwenda angani hujakihesabu popote. Kaa na hilo wiki moja, lirekebishe, uone hesabu inashuka hadi ngapi. Ikishuka mpaka 55 umepata sehemu kubwa ya jibu, isiposhuka umepata swali zuri zaidi, labda kuna hewa inavuja mlangoni.

Kisha andika upya, usizidi mistari kumi na miwili. Mstari wa kwanza taja makala yake moja uliyoisoma kweli na kitu kimoja ndani yake ambacho kimekugusa. Unaofuata sema: nilijenga kikaushio, nilitabiri 62 nikapima 53, nimegundua sehemu ya tofauti ni mnururisho, iliyobaki sijaielewa na nadhani njia unayoitumia wewe ingeweza kuionyesha. Kisha uliza, je unachukua wanafunzi mwaka ujao? Basi. Ufadhili muulize akishajibu, kwa kawaida yeye mwenyewe ndo atakwambia kama kuna fedha za mradi au uombe skolashipu ya nje. Wachague maprofesa wanane tu, sio 60, kila mmoja mpe siku yake nzima ya kumsoma. Zikipita wiki mbili kimya mkumbushe mara moja kwa mistari miwili, akinyamaza tena mwache.

Vile vyeti kurasa 14 usiambatanishe, weka CV ya ukurasa mmoja na ile grafu yako ya joto, mistari yote miwili ikiwepo, wa hesabu na wa vipimo, na usiisogeze ili ikaribiane.